Namba Iko Chini ya Kisahani

Saa mbili kasorobo asubuhi. Mama Minyoo, ndivyo wenzake wa maabara walivyombandika jina, ameinamia hadubini, mkononi kashika kijiwaya chembamba kama unywele. Anamwinua mnyoo mmoja na kumhamishia kisahani kingine cha kufugia. Kisha anasonya.

"Watazame hawa. Siku ya nne leo, bado watoto! Halafu mtu anasema ni mimi niliyewanyima chakula."

Ana miaka kumi na tisa akifuga minyoo ya utafiti. Mkubwa wao hazidi milimita moja. Dada yake anayeishi naye humtania kila jioni: "Wanao wameshiba?" Siku hizi Mama Minyoo hacheki.

Maabara inatafuta jeni ambazo bila hizo lava, yaani mnyoo mchanga, hawezi kukua. Ziko tisini za kujaribiwa, na kila moja inazimwa kwenye kisahani chake. Ikipatikana hata moja, huenda ikaonyesha njia ya dawa ya minyoo wanaosumbua matumbo ya watoto.

Mama Minyoo huandika namba chini ya kisahani. "Kifuniko hakina mwenyewe," anasema. "Ukifunua viwili kwa pamoja, umekwisha."

Mtafiti, msomi aliyeajiriwa mwaka jana, yeye huandika juu ya kifuniko. Mwezi uliopita alifunua visahani viwili apige picha, akabadilisha vifuniko bila kujua. Lava wa jeni namba 47, waliokuwa wamedumaa, wakaonekana ndio wale wa kawaida, wa kulinganishia, wasiozimwa jeni yoyote. Akahitimisha kwamba mfugaji kazembea, kawaacha na njaa.

Mama Minyoo alimgeuzia kisahani asome namba. Unajua alijibiwa nini?

"Mama, kazi yako kufuga. Kusoma tuachie sisi."

Jamani! Hata kuinama atazame, hakutaka. Akamwandikia barua ya onyo, akaisoma mwenyewe kikaoni, mbele ya watu kumi na wanne. Ikibaki kwenye faili, mkataba wa Mama Minyoo unaoisha mwezi huu hauongezwi.

Hakulia. Alirudia jaribio mara tatu, saa za mapumziko ya mchana, chakula chake kikipoa. Mara zote tatu, namba 47 waligoma kukua, na wenzao wa kawaida wa kisahani cha pili wakitaga mayai.

Leo mkurugenzi kaja kujionea. Anachungulia, anakigeuza kisahani mwenyewe, anasoma 47. Anamgeukia mtafiti, naye anatazama viatu vyake.

"Basi, Mama, yaishe," mkurugenzi anasema. "Barua nitaitoa kwenye faili, kimyakimya."

"Kimyakimya?" Mama Minyoo anasimama, kiti kinaanguka. "Mzee, mimi nilisomewa kwa sauti! Watu kumi na wanne walinitazama kama mwizi. Waitwe walewale, na aliyesoma asimame aseme alikosea. Mkataba tutauongea baadaye."

"Unataka lini?"

"Leo, saa nne."

Anaokota kiti, anakaa, anarudi kwenye hadubini.

"Mimi nipo. Minyoo wangu wameshakula."