Mpira Ambao Dada Hakuupiga

Juzi nilikuwa Malaba, nimekaa katika hoteli ndogo kando ya foleni ya malori, nikingoja chai ya maziwa na chapati mbili. Televisheni ilikuwa inaonyesha mpira wa meza, mashindano ya huko ng'ambo. Bingwa ambaye kila mtu alimtarajia alikuwa anafungwa na mama mmoja asiyejulikana, aliyesimama mbali na meza na kurudisha tu. Bingwa anapiga, yeye anarudisha. Bingwa anapiga kwa hasira, yeye anarudisha polepole, uso umetulia kama anapepeta mtama. Dereva mmoja aliyekuwa anakula maharagwe akauliza, "Sasa huyu mama ako na nini? Mbona hapigi?" Wenzake wakacheka. Mimi nilijua yule mama ana nini, na chai yangu ikapoa nikimtazama.

Kwetu ni Mundika, nje kidogo ya mji wa Busia, mpakani na Uganda. Ukumbi wa kanisa letu ulikuwa na meza moja iliyopinda upande mmoja kwa sababu ya paa lililovuja, na neti yake ilikuwa kipande cha wavu wa omena, wale dagaa wa ziwani. Jumamosi tukishamenya mihogo na kuianika juu ya mwamba, tulikimbilia huko mikono ikiwa bado inanuka mihogo mibichi. Mwalimu wetu wa hesabu ndiye aliyetufundisha, na alitufundisha kwa lugha ya mpakani. Mpira uliozungushwa sana aliuita mpira wenye mzigo. Usiozungushwa aliuita mtupu. "Usiangalie turubai, angalia magurudumu," alikuwa akituambia. Maana yake, usidanganywe na mkono wa mpigaji, tazama mpira wenyewe unavyokuja. Watoto wa mpakani hilo hatukuhitaji kurudiwa, kwani tangu tukinyonya tulijua lori lililofunikwa vizuri si lazima liwe limebeba kitu.

Dada yangu mkubwa alikuwa na raketi moja ya mitumba, upande mmoja raba laini, upande wa pili raba yenye vipele virefu vilivyolegea. Vile vipele vilikuwa na roho mbaya. Ukivipigia mzigo, vinakurudishia mzigo uleule umegeuzwa, na pigo lako linalofuata linaishia kwenye neti. Kadiri unavyopiga kwa nguvu ndivyo unavyojimaliza. Dada hakuwahi kupiga mpira wa kumaliza. Alirudisha, akaigeuza raketi mkononi, akarudisha tena, mpaka mwenzake akachoka au akakasirika. Tulimtania kwamba hata mbuzi akimfukuza atamrudisha polepole hadi kwenye kamba.

Lakini kungoja kwake hakukuwa mchezo. Baba yetu alikuwa dereva wa lori. Mpakani dereva hana jina, ana gari, na gari la baba lilikuwa limeandikwa Kaza Moyo juu ya kioo, basi baba naye akaitwa Kaza Moyo na kila mtu, kuanzia mama wa chapati hadi askari wa geti. Msimu mmoja wa kuvuna mtama alivuka kwenda Kampala na hakurudi. Hapakuwa na simu mkononi kama leo. Mama aliuliza madereva, nao wakampa majibu ya barabarani: yuko Mbarara, yuko Kigali, gari liliharibika, atakuja. Jioni, sufuria ya ugali wa mihogo ikiwa mekoni, lori likishuka gia kule barabarani mama alinyamaza na mwiko ukasimama. Sisi sote tulinyamaza. Lori lilipopita, mama aliendelea kusonga ugali. Nimeishi nyumba nyingi tangu wakati ule, na bado gia ikishuka mahali nanyamaza.

Ungeuliza kwa nini mama asiende mwenyewe kumtafuta. Nyanya alimuuliza. Mama alijibu kwamba mtu hutafutwa akipotea, na mumewe hajapotea, yuko safarini.

Ndipo mwalimu akatangaza kwamba msichana atakayeshinda mashindano ya shule pale Busia atapelekwa Kampala kucheza na shule za huko. Usiku ule dada alinishika mkono kitandani. "Kampala kuna yadi ya malori," alininong'oneza. "Mimi nikifika, nitauliza Kaza Moyo mpaka nimpate." Kuanzia hapo aliupiga mpira kwenye ukuta wa jikoni kila jioni, na mama, ambaye hakuambiwa kitu, hakumwita hata mara moja aje achote maji.

Siku ya mashindano dada alikutana kwanza na bingwa, msichana wa shule ya bweni, mwenye viatu vyeupe na mkono wa kuogopesha. Watu walimwonea dada huruma. Yule bingwa akaanza kupiga mipira mizito, na kila mpira ukamrudia umegeuka. Akaongeza nguvu, akaumia zaidi. Alipopata akili ya kupiga polepole, dada akageuza raketi, upande laini ukamletea mpira mtupu, naye akaurusha nje ya meza. Mwishoni alikuwa anaitazama raketi ya dada kama inayomtukana. Ukumbi ulilipuka. Mwanamke mmoja wa Uganda aliyekuwa amepitia na kikapu chake cha ndizi alisema, "Banange! Huyu mtoto amemshinda bila kumgusa!"

Katika fainali akakutana na msichana wa Malaba, Mteso kwa kabila, mrefu mwembamba, naye mtoto wa dereva. Naye alikuwa mrudishaji! Mpira ulikwenda ukarudi, ukaenda ukarudi, hakuna aliyetaka kuumaliza, watu wakaanza kupiga miluzi. Wale wawili hawakuwasikia. Nadhani kila mmoja alikuwa amekutana kwa mara ya kwanza na mtu aliyefundishwa kungoja nyumbani kwake.

Mwalimu, aliyekuwa mwamuzi, akatazama saa, akasimamisha mchezo. Kuna sheria ambayo hatukuwahi kuihitaji: seti ikikawia kupita dakika kumi, wachezaji wanaanzisha kwa zamu, na aliyeanzisha asipopata pointi kabla mwenzake hajarudisha mara kumi na tatu, pointi ni ya mwenzake. Sheria ile haimpendi mtu anayengoja. Mwalimu akawa anahesabu kwa sauti, na kila hesabu ilinichoma. Nilimchukia siku ile, na kuna siku bado namchukia.

Walifika mahali ambapo pointi moja ingeamua, na zamu ya kuanzisha ilikuwa ya dada. Mwalimu akahesabu. Alipokaribia mwisho, msichana wa Malaba aliteleza akarudisha mpira juu, juu kabisa, mtupu, ukining'inia mbele ya dada. Hata mimi ningeupiga. Dada aliinua mkono. Kisha akaurudisha taratibu, na yule msichana, aliyekuwa na pigo moja tu alilolificha siku nzima, akalitoa, akashinda.

Nilimuuliza njiani kwa nini hakupiga. Alisema, "Niliogopa iishe." Sikumwelewa.

Lakini dada hakuondoka ukumbini bila kuzungumza na mwenzake. Alimvuta kando nyuma ya benchi. "Ukifika Kampala, niulizie baba. Wanamuita Kaza Moyo." Yule msichana akaitikia kwa kichwa. Hakuuliza jina la nyumbani, na dada hakumpa, kwa sababu mpakani nani angefikiria kutoa jina lingine?

Baada ya safari yule msichana alikuja kwetu kwa boda ya baiskeli, moja kwa moja, hata vumbi hakupangusa. Mama alikuwa uani anachambua mrenda.

"Mama, nimemuona Kaza Moyo," akasema. "Ako yadi Kampala, anabeba simiti. Ako mzima."

Mama alipiga kigelegele ambacho sijasikia kingine kama hicho. Mrenda ukamwagika. Akamkimbilia jogoo, huku akiita majirani, huku akimwambia nyanya si nilikwambia, si nilikwambia. Mimi nilikuwa narukaruka. Dada peke yake hakusogea.

"Umemuona yeye ama umeona gari?"

"Gari nimeiona na macho yangu. Nikauliza Kaza Moyo ni nani, wakanionyesha amelala ndani."

"Ni mzee, mnene?"

Msichana wa Malaba alimtazama mama, aliyekuwa ameshamkamata jogoo, kisha akatutazama sisi. Uso wake ulibadilika hapohapo; aliona alichokifanya. "Ni kijana," akasema kwa sauti ndogo. "Mwembamba."

Gari lilikuwa limepata dereva mwingine, na jina lilikwenda na gari. Dada akatikisa kichwa kidogo tu: usiseme. Tukamla yule jogoo, sote, na mgeni akala nasi akitazama sahani yake.

Ukumbi ule sasa umebomolewa, pamejengwa vyumba vya kupangisha. Malori hayaandikwi majina tena, yana nembo za kampuni na nambari, na yanavuka bila dereva hata kujulikana na muuza chai. Watoto wa leo hawawezi kukwambia gari kwa mlio wake. Nayakumbuka hayo yote kwa uchungu usio na maana, kwa sababu ndiyo yaliyotudanganya.

Mama alizeeka akisema mumewe yuko Kampala anabeba simiti. Tulimwacha aseme. Mwaka jana, alipokuwa amelala nyumbani anaumwa, mimi na dada tukimkanda miguu, alifungua macho akauliza yule msichana wa Malaba aliolewa wapi. Dada akamjibu. Mama akatabasamu.

"Alikuwa mtoto mzuri. Nilimsikia akisema ni kijana."

Mikono yetu ikasimama juu ya miguu yake.

"Ningefanya nini?" mama akasema. "Mlikuwa mmekonda kwa kungoja. Nikasema leo wale nyama, walale."

Dada aliinuka akatoka nje, na huko uani, mwanamke mwenye mvi na wajukuu, akaanza kumlilia baba kwa sauti kama anavyoliliwa mtu aliyefariki leo asubuhi. Nikamfuata, nikajiunga naye. Mama alitusikiliza kutoka kitandani, na hakutuambia tunyamaze.