Kitundu cha Shingoni

Mpaka leo nikivunja yai ukingoni mwa kikaango, harufu yake mbichi hunirudisha uani kwetu Bwiza, nami hujikuta nagusa shingo. Upande wa kulia nina kitundu kidogo kama kilichochomwa na sindano. Utotoni kilitoa ute kila nilipopata mafua, na mama alikifunika kwa kitambaa, jua liwe kali namna gani. Watoto wenzangu waliniita Mama Baridi.

Mama hakuona cha kuchekesha. Vita vilipoanza alikimbia risasi akiwa na mimba yangu, na aliamini kwamba hofu yake ndiyo iliyonitoboa. Kila asubuhi akinifunga kile kitambaa alisema, "Unisamehe, mwanangu." Nilikuwa na miaka minane, nilidhani anaomba radhi kwa kunibana.

Mwaka ule tuliishi na Madamu Jeanine, mwalimu wa biolojia aliyekimbia mapigano mtaani kwao. Shule yake ilikuwa imefungwa, na ulimi ulimwasha kwa kukosa wanafunzi. Siku moja alimwomba mama yai la kuku wetu aliyeatamia kwa siku ya nne. Njaa ile, yai la kuchezea! Mama alimpa shingo upande.

Madamu alilivunja taratibu kwenye sahani. Juu ya kiini palikuwa na kidude kama punje ya mchele, moyo wake mwekundu ukidunda. Akatupatia kioo chake cha kukuzia.

"Mama Zena, angaliya hapa ku shingo. Unaona hizi mikunjo? Kila mutu anazipitiaga mu tumbo ya mama yake. Zinatengeneza taya, masikio, koo, kisha zinajifunga. Kwa Zena, kamoja kalibaki wazi."

"Ni juu ya ile risasi," mama alisema. "Niliogopa sana."

"Mimba ilikuwa na miezi ngapi?"

"Saba."

"Shingo inajengekaga mu mwezi wa pili. Kale katundu kalikuwako tayari, mbele ya risasi kulia. Apana wewe, dada."

Mama aliketi vumbini akalia. Mimi nililia kwa ajili ya kifaranga. Kisha mama akanifungua kitambaa, akajifutia machozi, akanituma chumvi sokoni Jabe, shingo wazi.

Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba Madamu Jeanine alinifundisha biolojia uani kwetu. Nilipobeba mimba yangu mwenyewe, nikashtuka kwa kila kishindo, ndipo nilipofahamu, na nikamshukuru upya kwa moyo wote. Somo lile halikuwa langu. Lilikuwa la mama, naye alikuwa amelisubiri miaka minane.