Siku Oili Yangu Iliporudi Salale

Mwaka 1972, nikiwa na miaka kumi na moja, baba alifariki na shida ikaingia nyumbani bila hodi. Shule niliiacha darasa la pili. Nikakata mikoko, nikavua kamba, nikabeba magunia ya mpunga ya watu, mpaka siku moja nikafungua mashine ya boti iliyokufa, nikaifunga, ikawaka. Hakuna aliyenifundisha. Wenye vyeti vyao boti zikizima Salale, wananiita mimi. Sijisifu, ni kweli. Na kama ni kujisifu, basi najisifu.

Karakana yangu iko ukingoni mwa mto. Miaka yote oili chafu tuliyotoa kwenye mashine tuliimwaga mtoni, tena kwa utaratibu: humwagi maji yakijaa, unangoja yaanze kupwa, yaichukue yaipeleke baharini. Kwetu huo ndio ulikuwa usafi. Aliyemwaga maji yakijaa tulimwita mchafu.

Juzijuzi mwenyekiti wa kijiji akaja kunipa habari: watu wa serikali wanaosimamia mazingira wanapita kukagua karakana za boti.

"Mzee, wakikuta uchafu wanafunga. Wanafunga kweli."

"Wamfungie fundi? Boti yao ikizima watarudi kwa kuogelea?"

Mdomoni hivyo, moyoni naogopa. Karakana ile ndiyo inayotulisha. Nilikuwa na madumu saba ya oili chafu. Asubuhi ya siku yenyewe, maji yalipoanza kupwa, nikayamwaga yote mtoni. Nikafagia, nikavaa kanzu.

Mke wangu akanitazama. "Leo Idi?"

"Nyamaza, wageni wanakuja."

Sasa oneni ujinga wa mtu anayeyajua maji. Mto wetu ukipwa ni tope tupu, boti haifiki. Mgeni wa Salale huja na maji yanayojaa. Hilo nalijua. Na maji yaliyotoka asubuhi ndiyo hayohayo yanayorudi mchana. Hilo nalo nalijua. Ila sikuwahi kuyaweka mawili hayo pamoja.

Boti ikaja, nyeupe, na oili yangu imetangulia mbele yake kama matarumbeta ya harusi. Akashuka binti mmoja mwenye mabuti, afisa mwenyewe. Akateleza, akashika nguzo ya gati, kiganja kikawa cheusi tii.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Oili hii ya nani?"

"Hiyo? Imetoka baharini huko. Ya meli."

"Meli ilipita mto huu, babu?"

Mke wangu, badala ya kunisitiri, akadakia: "Ilipita asubuhi, mwanangu. Ilikuwa imevaa kanzu."

Gati zima likaangua kicheko. Afisa akajikaza, akashindwa, akacheka. Nikasema, "Haya, ni yangu."

Kicheko chake hakikumzuia kuandika. Karakana isimame kazi mpaka niwe na sakafu ya saruji yenye shimo la kukusanyia oili, na mapipa yenye vifuniko mbali na maji. Oili nimpe mnunuzi mwenye kibali, kule Kibiti.

"Babu, mkimwaga hapa, kamba wachanga wanafia kwenye mizizi ya mikoko."

"Unanifundisha kamba mimi? Nimewavua kabla mama yako hajazaliwa!"

"Basi ilitakiwa wewe ndiye unifundishe mimi."

Nikaipokea karatasi yake, nikaitia mfukoni mwa kanzu.

Wiki sita karakana ilifungwa. Wateja wakapeleka mashine zao Mbwera, kwa fundi ambaye nati kwake ni ya kupigwa nyundo. Saruji niliipakia kwenye boti, nikakoroga mwenyewe, mgongo ukalia. Binti akarudi, akamimina ndoo ya maji sakafuni, akasimama kuyatazama yanaelekea wapi. Yakatiririka yote mpaka shimoni.

"Umefaulu, babu," akasema, akasaini. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo.

Leo nina karakana yenye sakafu ya saruji na ruhusa ya kufanya kazi. Mapipa manne yenye vifuniko. Boti moja, mashine mbili. Nyumba ya bati, vyumba vinne. Shamba la mpunga. Minazi kumi na minane. Mbuzi watano.