Saa Iliyoivia Olkaria

Kanisa letu haliruhusu pete. Wala hereni, wala mkufu, wala bangili. Msichana akichumbiwa huvishwa saa, kwa sababu saa, wanasema, ni chombo cha kazi kama jembe au sufuria. Nimekulia hapo, Bondeni, na tamaa ambayo wasichana wengine waligawia masikio, shingo na vidole, yangu yote iliishia kwenye mkono mmoja.

Na macho hayana pazia. Nafanya kazi kwenye duka la dawa mjini, na wakati wa chakula nilikuwa napita kwenye duka la saa la mzee mmoja mwenye kilemba, duka ambalo baba yake aliliendesha kabla yake. Nilikuwa nasimama dirishani na mandazi yangu, nakula kwa mdomo na kwa macho. Kulikuwa na saa nene za wanaume zenye visaa vingine vitatu ndani, ati kimoja kinapima mbio za gari. Gari gani, na jam hii ya Nakuru? Kulikuwa na za dhahabu zilizojaa vijiwe, zikikutolea macho hata kabla hujasimama. Yangu ilikaa pembeni. Nasema yangu, na sikuwa nimewahi hata kuigusa.

Ilikuwa ya fedha, ya kizamani, nyembamba kama biskuti. Haikuwa na namba hata moja. Vistari tu, na mishale miwili myembamba kama unyusi. Aliyeitengeneza alikuwa amechora miale midogo midogo kutoka katikati hadi ukingoni, kwa hivyo ukisogeza kichwa, mwanga unazunguka usoni mwake polepole. Basi mimi nilikuwa nasogeza kichwa kushoto, kulia, kushoto, watu wakinipita na kunishangaa. Nikiondoka pale, nilikuwa sijui ni saa ngapi. Simu inatosha kukuambia umechelewa. Ile saa ilikuwa inaniambia nitulie, na hakuna mtu mwingine mjini aliyekuwa akiniambia hivyo.

Halafu siku moja nikakuta pahali pake pana vumbi tu. Woi! Nilimchukia mnunuzi ambaye sikumjua. Nilimtunga kichwani, mama tajiri, nikampa gari kubwa na mbwa mdogo, nikamlaani na mbwa wake. Nilimlalamikia mchumba wangu mpaka nikakauka koo. Wakati huo alikuwa bado hajajitambulisha nyumbani. Anafanya kazi Olkaria, kwenye visima vya mvuke, na ni mtu wa kulipima neno mara mbili kabla ya kulitoa. Nililalamika, akanisikiliza, akanyamaza. Mvua za masika zikaja, zikaisha, naye bado kanyamaza.

Jumamosi moja tulipita pale dirishani pamoja, nikaanza tena wimbo wangu. Akasimama. Akatoa leso mfukoni, akaifungua, na ile saa ilikuwa ndani.

"Niliinunua mimi," akasema. "Nilikuwa nangoja siku nzuri. Lakini kila nikija kwenu namkuta mathe wako mlangoni, naogopa, narudi nayo kazini."

Mvuke wa Olkaria unanuka kama yai viza, na hewa hiyo haipatani na fedha. Kila mtu wa kule anajua, yeye akiwemo. Lakini aliogopa kuiacha chumbani isiibiwe, akawa anaitia mfuko wa kifuani wa ofaroli, zamu baada ya zamu, na kioo chake cha kizamani hakikuwa kimeziba sawasawa. Saa ilikuwa imeiva. Ukingoni buluu nzito, ikaingia zambarau, halafu rangi ya chai ya mkandaa, na katikati kabisa dhahabu hafifu. Mishale nayo ilikuwa imeiva vilevile, ikapotelea ndani ya rangi. Nilikumbuka ziwa letu asubuhi, kabla jua halijaamua livae nini.

"Imeharibika," akasema, na machozi yalikuwa karibu.

"Nyamaza. Wewe nyamaza tu." Niliiweka sikioni. Ilikuwa inatembea, taratibu, bila wasiwasi wowote. Nilimpenda mtu huyu siku hiyo kuliko siku zote, kwa uoga wake wote uliochorwa pale.

Mzee mwenye kilemba alitoka nje, akaiangalia kwa lenzi yake. Alisema anaweza kuisafisha, ila akiisafisha miale itaondoka na uchafu, ibaki sahani tupu. Nikamwambia asiiguse.

Sasa mama. Mama yangu anashona sare za shule, na ndiye anayeshika sheria za kanisa kuliko wazee wenyewe. Sijawahi kumwona amevaa kitu ambacho hakina kazi. Hata kifungo cha urembo kwenye kola alikuwa anakikata, anakishonea mahali panapohitaji kifungo. Saa yake ina namba kubwa nyeusi unazoweza kusoma ukiwa ng'ambo ya barabara. Aliitazama yangu mara moja.

"Mishale iko wapi?"

"Iko, Mama. Ukiangalia sana."

"Saa isiyosomeka ni bangili," akasema. "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mwambie alete nyingine."

Ng'o! Nilimwambia sivai nyingine. Akaniambia basi nisitarajie neno lake. Na bila neno la mama, kanisa halitangazi ndoa. Nami sikutaka ndoa ya kutorokea. Mchumba wangu alikuwa tayari kununua hata ile ya plastiki ya sokoni, mradi amani iwepo. Nikamkatalia na yeye. Wiki nzima mimi na mama tulikuwa tunaambiana "chumvi" na "mlango" tu. Nilikuwa nalia bafuni, nikitoka nimenawa uso. Nilimtaka mwanaume huyu, na nilimtaka mama yangu akiwa upande wangu, na sikuona nitawapataje wote wawili.

Jumapili kina mama wa kanisa, wasiojua ugomvi wetu, wakaja, kama ilivyo desturi, kuitazama saa. Mchumba wangu aliketi ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Desturi yenyewe ni fupi: shosho, bibi mkubwa wa kina mama, humuuliza msichana saa, msichana husoma, wanapiga vigelegele, chai inaletwa. Akishindwa kusoma, hicho si chombo, ni pambo, na mambo yanaishia hapo.

"Haya, mwanangu," shosho akasema, "saa ngapi sasa?"

Niliinua mkono. Jua lilikuwa linaingia dirishani, na rangi zote zikaamka pamoja, zikaanza kuzunguka. Mshale sikuuona. Nilitafuta, nikatafuta, na nilichoona ni buluu ikimezwa na zambarau. Ningeweza kubahatisha, lakini nilizidi tu kusogeza kichwa, kushoto, kulia.

Ndipo mama akainuka. Akaja, akanishika mkono kwa vidole vyake vyenye alama za sindano, akaugeuza kwenye mwanga. Aliangalia. Aliendelea kuangalia, kwa muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kusoma saa.

"Saa tisa kasorobo," akasema.

Mama mmoja alitia mkono kwenye mkoba kutafuta simu, akakumbuka ni nani aliyesema, akautoa mtupu. Shosho akaitikia kwa kichwa. Vigelegele vikapanda mpaka majirani wakachungulia, na mchumba wangu akafuta uso kwa ile leso yake.

Nilimfuata mama jikoni. Alikuwa amenipa mgongo, anamimina chai kwenye chupa.

"Mama, uliionaje mishale?"

"Mishale gani?" Hakugeuka. "Hiyo kitu haina mishale."

Akafunga chupa, akajipangusa mikono kwenye leso ya kiunoni, kidole kimoja kimoja. Sebuleni walikuwa wameanza kuimba, na kiti kimoja kilisogezwa, mtu anainuka kuja kusaidia.

"Lete tena huo mkono," akasema. "Haraka, kabla hawajaingia."