Wimbo wa Chumba cha Kufulia

Nilipokuwa mtoto wa kung'oka meno ya mbele, tuliishi Vårby gård, pembezoni mwa Stockholm, ghorofa ya tano, na baba ndiye aliyefua nguo za nyumba nzima. Hilo peke yake lingewavunja mbavu watu wa kwao Nandi. Mama alikuwa na zamu za jioni kwenye nyumba ya wazee, kwa hiyo baba alinishika mkono tukashuka kwenye chumba cha kufulia cha jengo. Alipakia mashine, akafunga mlango, akaanza kuimba.

Aliimba kwa sauti nzito ya kifuani, akijipiga mapaja. Mashine zilinguruma, naye aliamini kelele zile zinaufunika wimbo hata kwangu. Mimi nilikaa juu ya kikapu cha nguo nikinyonya peremende, nikaushika wimbo wote. Sikujua kwamba ni wa jandoni, na kwamba mwanamke haruhusiwi kuusikia hata akiwa mtoto mchanga mgongoni. Bibi zetu waliamini msichana akiuimba tumbo lake hufunga, na mwanamume aliyeutoa nje hupewa mgongo na rika lake.

Rika la baba Stockholm lilikuwa mtu mmoja. Tulimwita Baba Kiprono, kwa maana mwanarika wa baba yako naye ni baba yako. Walitahiriwa asubuhi moja, wakauguza vidonda katika kibanda kimoja msituni, wakalala ngozi moja. Kila Jumamosi alikuja kula ugali wa semolina wa mama, na ni siku hizo tu nilipomwona baba akicheka mpaka machozi.

Jumamosi moja akaniambia, "Chebet, hebu tuimbie wimbo wa shuleni."

Nikaona wa shuleni ni wa kitoto. Nikasimama katikati ya sebule, nikajipiga mapaja, nikaanza ule mwingine.

Mama alikimbilia jikoni ameziba masikio. Baba Kiprono alirudisha tonge kwenye sahani.

"Nani amekufundisha?"

"Pappa," nilijibu kwa maringo.

Akamgeukia baba. "Ni kweli?"

Baba angeweza kusema mtoto anaropoka. Nadhani hata mdomo aliufungua. Lakini mwanarika hadanganywi.

"Ni kweli, ndugu yangu. Nilidhani niko peke yangu."

"Usiniite ndugu."

Akachukua koti lake akatoka. Baba alimfuata na soksi tu miguuni. Kutoka dirishani niliwaona kwenye theluji, baba akimsihi, mwenzake akienda zake kituoni bila kugeuka. Hakuja tena kwetu. Baba aliporudi alinipita bila kunitazama, na tangu siku hiyo alifua kimya.

Tumbo langu halikufunga. Nina watoto watatu, na wote wananijibu kwa Kiswidi. Iliyotimia ni ile hofu nyingine, ya kupewa mgongo. Siku hizi naelewa kwamba baba hakuwa mzembe. Wimbo ule ni wa vijana wengi, naye alikuwa akiuimba peke yake ili usimpotee.

Siku ya mazishi yake mchungaji aliniuliza mbona hakuna hata rafiki mmoja wa kumsemea marehemu. Nikamjibu kwamba baba alikuwa na kiburi, hakupenda watu. Mchungaji akaitikia kwa kichwa, tukaendelea na ibada. Naona aibu hata kuandika haya. Nilimsingizia baba yangu mbele ya jeneza lake, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kusema ni mimi.