Kiraka Changu Chekundu

Kama ungekuwa hapa karibu, ningekupa mkono wangu uushike na ubishi ungeishia hapo. Kwa kuwa uko mbali, itabidi uniamini kwa maneno. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, mchana, mahali penye watu na magari, na sikuwa nimekunywa kitu zaidi ya chai.

Asubuhi ile niliondoka soko la Kalerwe, Kampala, bila mpango. Nilikuwa nikishusha kabichi kwenye malori na kulala juu ya magunia, hadi siku moja miguu ikaniambia imetosha. Ndivyo nilivyo. Nilizaliwa Musoma, shule niliiacha mapema kwa sababu sikuweza kukaa kwenye dawati huku nje kuna barabara, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kwenda kuona. Nikikuta mlango uko wazi, nachungulia. Nikikuta watu wamezunguka kitu, najipenyeza. Udadisi umenilisha mara nyingi, lakini siku ile nusura unile.

Nilipita Ntinda, magari yamesongamana kiasi kwamba sisi wa miguu ndio tuliokuwa na mwendo. Nikateremka, nikafuata njia bila kuuliza, na jua la mchana likanikuta Bugolobi, upande ule ambapo maghorofa yanaishia na viwanda kuanza. Lilikuwa joto la kabla ya mvua. Aliyekaa Kampala analijua: hewa inasimama, jasho halikauki, halafu unapita upepo mmoja wa baridi, na kabla hujapata pa kujibanza maji yanamwagika.

Nikakimbilia baraza ya kwanza niliyoiona, ya nyumba ndogo ya zamani yenye vigae. Ng'ambo ya barabara, chini ya mwavuli mkubwa, mwanamke alikuwa akichoma gonja, zile ndizi tamu. Akanipungia mkono kwa nguvu. Nikaona watu wa hapa ni wakarimu, nami nikampungia.

Barazani alikuwepo mama mmoja, ameketi juu ya mkeka, amenyoosha miguu, anashona.

"Karibu, mwanangu," alisema bila kuinua kichwa. "Mvua imekuleta."

"Imenileta, mama. Unisamehe nimeingia bila hodi."

"Hodi ya nini? Mvua ikinyesha, baraza ni ya kila mtu. Kaa."

Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. Alisema baba yake alikuwa askari, na jeshini Uganda husemwa Kiswahili, kwa hiyo lugha aliikuta nyumbani. Nikakaa. Na macho yangu, kama kawaida yao, yakaenda kwenye kazi yake. Lilikuwa blanketi la viraka, kubwa, limejaa mkeka na kupanda ukutani. Mistari na mistari ya viraka vya vitenge na mashati ya zamani: vyekundu, vya rangi ya chungwa, vya njano, kijani, bluu. Nikauliza. Ningeachaje kuuliza?

"Hii kazi niliiona kwa bibi mmoja wa Kizungu niliyekuwa nikimfulia kule maghorofani," alisema. "Kila jioni alishona kiraka kimoja kufuatana na joto la siku. Siku ya joto kali, chekundu. Likipungua, chungwa, halafu njano, halafu kijani. Siku ya baridi, bluu. Mwaka ukiisha unalitandika blanketi, na mwaka wote unauona."

Nilipenda jambo hilo, nakwambia kweli. Kulala umejifunika mwaka mzima!

"Alimaliza?"

"Atamaliza nini Kampala? Leo njano, kesho njano, keshokutwa njano. Siku za huku zote ni ndugu wa tumbo moja. Blanketi la rangi moja, nani atalitazama? Akachoka, akaliacha, akarudi kwao. Mimi ndiye niliyepata akili."

"Akili gani, mama?"

"Niliacha kupima siku."

Nikacheka, nikidhani ananitania. Naye akacheka kidogo, akasema, "Sogea." Akaniwekea kiganja shingoni, nyuma, kama mama anayempima mtoto homa. Kiganja chake sikuweza kukijua kama ni cha moto au cha baridi. Kilikuwa kama meza iliyokaa ndani siku nyingi.

"Mwekundu," akasema, kwa sauti ya mtu aliyepata nyanya iliyoiva sokoni. Akakata kitambaa chekundu, akaanza mstari mpya.

Hapo niliona kitu kingine. Mwisho wa kila mstari kulikuwa na kiraka cha kahawia, rangi ya kutu, cha kitambaa ambacho sijapata kukiona. Hakikuwa na nyuzi. Kilikuwa kikavu na kigumu kidogo, kizuri kwa namna yake.

"Na hiki je?"

"Hicho ni cha wakati hakuna tena joto la kupima."

Nikafikiri labda ni siku alizokuwa mgonjwa au safarini. Na kwa mdomo wangu usiotulia nikasema, "Lakini hiki ndicho kizuri kuliko vyote. Mimi ungenishonea hiki."

Sindano ikasimama. Kwa mara ya kwanza akanitazama usoni.

"Unakitaka mwenyewe?"

"Nakitaka."

"Utakipata, mwanangu. Usiwe na haraka."

Mvua ilikuwa inapiga vigae hata barabara haionekani. Akanishika tena shingoni, akasema "Chungwa," akashona. Mabega yangu yakaanza kutetemeka. Shati lilikuwa limelowa, ningeshangaa nini? Akavuta pindo la blanketi akaniwekea magotini.

Lilikuwa na joto. Sisemi joto la nguo iliyoanikwa juani. Lilikuwa joto la tumbo la kuku anayeatamia. Viraka vyekundu vilikuwa na moto kuliko vingine, na nilipoweka kiganja juu ya kimojawapo, nilisikia chini yake kitu kinapiga. Kinapiga, kinanyamaza, kinapiga.

Utasema, mbona hukukimbia? Wewe umekaa pakavu. Mimi usingizi ulikuwa umenishika, ule wa mtu mwenye baridi aliyepata kitu cha kujifunika, na miguu nilikuwa siisikii. Akanishika, "Njano." Akanishika tena, "Kijani." Nilijaribu kukunja vidole vikakataa.

"Mama," nikasema, na ulimi ulikuwa mzito, "si ulisema kila siku kiraka kimoja?"

"Siku ya nani?"

"Siku... ya leo."

"Siku ni ya mtu, mwanangu. Wengine siku yao ni ndefu, wengine ni fupi."

Ndipo nikalitazama lile blanketi vizuri. Mtu anayelala nje anaijua hali ya hewa kuliko anavyomjua mkewe. Jua na mvua za Kampala huchanganyika kama mahindi na maharage. Blanketi la siku za kweli lingekuwa hivyo, vurugu tupu. Hili halikuwa na vurugu. Kila mstari ulianza na chekundu, ukashuka chungwa, njano, kijani, bluu, ukaishia kahawia. Halafu mwingine, chekundu tena mpaka kahawia. Karibu na pindo palikuwa na mstari wa viraka vidogo, ukubwa wa kiganja cha mtoto, na huo haukuwa hata na njano. Ulitoka chungwa ukaenda bluu, kisha kahawia.

Mapajani mwake alikuwa ameshaweka kipande cha bluu. Mkono wake ulikuwa unakuja.

Woga ndio ulionipa akili. Niliutazama mshono wake na nikautambua. Ulikuwa mshono wa mnyororo, ule wa midomo ya magunia. Mshono huo ukiukata katikati haukuachii, lakini ukiipata ile ncha ya mwisho ukaivuta, wote unafumuka. Ncha ilikuwa pale mbele yangu, inaning'inia na sindano. Kusimama nisingeweza. Nikaidaka sindano kwa kiganja chote, kama mtoto anavyoshika kijiko, nikaitoa kwenye kitanzi, nikavuta.

Kiraka cha kijani kikadondoka. Joto likaniingia miguuni kama uji unaomiminwa kikombeni. Nikavuta, njano ikatoka. Nikavuta, chungwa. Hakupiga kelele. Hakunipokonya. Aliweka tu kidole gumba juu ya kiraka chekundu, akakikandamiza, na uzi ukagoma. Nilivuta kwa nguvu zote mpaka ukanikata ngozi. Ukagoma.

"Umeharibu kazi," akasema polepole. "Lakini hiki nimebaki nacho. Utakifuata."

Sikumbuki jinsi nilivyovuka barabara. Nakumbuka nimechuchumaa mbele ya sigiri ya yule mwanamke wa gonja, na yeye ananipiga mikono kwa koleo lake.

"Banange! Ssebo, mikono yako naungua!"

Nilikuwa nimeiweka karibu na makaa mpaka nywele za mikono zimeungua, na sikusikia chochote.

"Ile mama nakushika?" akauliza.

"Amenishika hapa, shingoni. Kwani mnamjua, nnyabo?"

"Sisi wote hapa najua yeye. Sisi nasalimia yeye kutoka barabara. Kama yeye nataka chumvi, tunaweka kwa mulango, tunaenda. Kwa ile baraza mutu hapana kaa."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Si nakuita na mukono? Mimi nakuita, wewe nasalimia kama mubunge!"

Siku nyingine tungecheka wote wawili. Nikamweleza kuhusu blanketi, rangi, na kile kitambaa cha kahawia kisicho na nyuzi. Akaacha kugeuza gonja.

"Ile hapana rangi, ssebo. Ile ni lubugo. Ngozi ya muti, wanapiga na nyundo mpaka nakuwa nguo. Sisi Baganda nafungia mutu amekufa."

Nikajishika shingoni. Kisha nikasema kwa sauti ndogo, "Mimi nilimwomba anishonee."

"Wewe mwenyewe? Na mudomo yako?"

"Na mdomo wangu."

Alifunga gonja moja kwenye karatasi, akaiweka juu ya kopo lililopinduliwa, akarudi nyuma hatua chache ili niichukue. Hakutaka mikono yetu igusane. Nilipoliona hilo ndipo nilipoogopa kweli, kuliko nilivyoogopa kule barazani.

Kampala sikulala. Tangu siku hiyo sijapata kusikia joto. Sisemi nina homa ya baridi. Hiyo naijua, huja na kuondoka. Hii haiondoki. Natembea adhuhuri na koti, watoto wananicheka. Nimekwenda zahanati, muuguzi akaniweka kipimajoto kwapani, akakitazama, akakikung'uta, akaleta kingine. Mwishowe akasema vyote ni vibovu, nirudi kesho. Sikurudi, kwa sababu nilimwona anavyoufuta mkono wake kwenye aproni.

Lakini baridi siyo mbaya kuliko yote. Kuna asubuhi naamka na miguu yangu imeshajielekeza upande wa Bugolobi. Mimi ambaye maisha yote nimetoka bila kujua niendako, sasa kuna mahali pananiita, na najua kwa nini. Joto langu liko kule. Liko chini ya kidole cha yule mama, linapiga, linanyamaza, linapiga. Nikienda nitalisikia tena. Nitaketi, atanisogeza, atanifunika, na nitapata joto, wallahi nitapata joto. Halafu bluu. Halafu kile nilichokiomba mwenyewe.

Kwa hiyo nakwenda mbali, na nachagua kwenye jua. Nimedandia malori kuelekea kaskazini mpaka leo nimeshuka Pakwach, mahali ambapo sijawahi kufika, na ambapo hata mbuzi hugombania kivuli. Nikaulizia pa kulala, nikaelekezwa kwa mzee mmoja Mnubi mwenye vyumba vya kupangisha. Akanionyesha vya mbele, vizuri, vina upepo wa mtoni.

"Na kile cha nyuma?"

"Kile sikupi, bwana. Bati liko chini, dirisha linatazama jua la jioni. Mgeni aliyekuwamo alitoa godoro akalala uani, na matusi juu."

"Nipe hicho, mzee."

"Utaokwa humo kama mkate!"

"Nipe hicho hicho."

Akanitazama, akatazama na koti langu. Kisha akanipa ufunguo, akaenda zake akitikisa kichwa. Sasa nimo ndani. Mlango nimefunga, dirisha nimefunga, bati linalia kwa jua juu ya kichwa changu, na vifungo vya koti nimevifunga mpaka shingoni. Nimelala kwa tumbo, miguu nimeifunga kwenye mguu wa kitanda kwa mkanda, ili asubuhi nisiamke nimeshaondoka.

Ndugu yangu, usimwachie mtu usiyemjua akupime joto, hata akikuita mwanangu. Ukipungiwa mkono ugenini, kabla hujarudisha salamu, kwanza uliza unaitiwa nini. Na mvua ikikukuta njiani, lowa. Nguo hukauka.