Fundi Kona kwenye Piano ya Shemeji

Jina la Kona alipewa na mafundi wenzake, na kwa kweli lilimfaa. Ukimwita akupakie rangi sebuleni, akaona tone moja limechuruzika ukutani, hakulifuta akaendelea na kazi kama watu wengine. Alishuka kwenye ngazi, akapiga msasa, akarudi kwenye kona alikoanzia na kuupaka ukuta wote upya. "Kiraka kinaonekana," ndilo lilikuwa neno lake. "Leo hutakiona. Ngoja jua la asubuhi lipige dirishani, kitakukodolea macho." Wenye nyumba walimpenda kwa hilo. Mafundi wenzake, waliotaka kuwahi nyumbani, hawakumpenda kiasi hicho.

Sasa mtu wa namna hiyo, mvi zimeshamjaa na magoti yanalia kila apandapo ngazi, akaamua kujifunza piano. Majirani walicheka hadi wakashika mbavu. "Samaki mkunje angali mbichi, fundi," walimwambia. "Mimi si samaki," akawajibu, akaenda zake.

Mkewe hakucheka, ila alitaka kujua kulikoni. Kona alifikiri kwanza, kwa kuwa hakuzoea kuulizwa mambo ya moyoni. "Maisha yangu yote nimepaka vyumba vya watu," alisema. "Nikimaliza nakabidhi ufunguo, na chumba sikioni tena. Nataka kitu kimoja ambacho nikiondoka, naondoka nacho." Mkewe akamtazama, akasema, "Basi nenda kwa dada. Piano ya marehemu inakaa bure pale, inaota vumbi."

Dada huyo, shemeji yake Kona, alikuwa mjane. Marehemu mumewe alifundisha kwaya, na piano yake ilisimama jikoni, kati ya jokofu na dirisha, kwa sababu siku ilipoletwa mlango wa sebule uligoma kuipitisha na hakuna aliyekuwa na nguvu za kubishana nao. Shemeji mwenyewe alikuwa amestaafu posta. Miaka nenda rudi alikuwa akigonga mihuri kwenye vifurushi vya watu, na alipostaafu mikono ilikosa cha kugonga, akaanza kujifunza kuoka mikate. Aliukanda unga kana kwamba unakwenda ng'ambo.

Hivyo kila Jumamosi jikoni mle palikuwa na wanafunzi wawili wazee. Kona alikula makosa ya shemeji, na shemeji akasikiliza ya kwake.

"Shemeji, huu ni mkate au tofali?"

"Tafuna. Masikio yangu yamekutafuna wewe tangu asubuhi, na sijalalamika."

Utani haukuisha, lakini nyuma ya utani kulikuwa na jambo lililomkosesha Kona raha. Mwalimu wake wa piano wa kila Jumanne, binti ambaye angeweza kuwa mwanawe wa mwisho, alikuwa amemwambia ukweli tangu mwanzo. "Mzee wangu, sikufichi. Watu wazima huja na moto mkali, halafu huondoka na visingizio. Mimi nina watoto wanaosubiri nafasi. Siku wanafunzi wangu watakapowapigia wazazi wao, na wewe utapiga. Wimbo mmoja, mwanzo hadi mwisho, bila kusimama. Ukishindwa, nafasi yako nampa mtoto." Hakuyasema kwa ubaya. Ndiyo maana yalimwingia.

Wimbo wenyewe ulikuwa mfupi na mwepesi. Shida ilikuwa Kona. Kila kidole kilipoteleza, aliinua mikono, akavuta pumzi, akarudi mwanzo. Akiteleza tena, mwanzo tena. Matokeo yake mwanzo uling'aa, hata mgeni angepigiwa bila aibu. Katikati palikuwa na mabaka. Mwisho ulikuwa bado lipu tupu, kwa sababu alikuwa hajaufikia zaidi ya mara chache, tena kwa kubahatisha. Na siku ya wazazi ilikuwa inakaribia.

Jumamosi moja shemeji alichoka. Aliweka chini bakuli la unga, akageuka.

"Mume wa mdogo wangu, hebu nisaidie. Huo wimbo una mwisho, au nao umestaafu?"

"Nimekosea pale."

"Nimesikia. Kwa hiyo?"

"Kiraka kinaonekana, shemeji."

"Watu husema kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Wewe hurudii kosa tu, unarudia na wimbo mzima!" Alifuta mikono kwenye aproni. "Unaukumbuka mkate wa wiki iliyopita?"

"Ule mzuri? Naukumbuka."

"Nilisahau chumvi. Nimekuja kukumbuka umeshaingia kwenye oveni, unaanza kuumuka."

"Ukafanyaje?"

"Ningefanyaje? Ungetaka niutoe niukande upya, na moto umeshaushika? Nilivuta kiti nikaungoja. Ukaiva, ukala vipande vinne na siagi, na hukusema neno."

Kona alikuwa amedhani ile ndiyo ladha yake.

Shemeji hakumpa nafasi ya kujitetea. Alimimina unga mezani, akamwaga maji na hamira, akatumbukiza mikono yote miwili. "Haya, piga. Leo nakanda kwa mwendo wako. Ukienda, nakwenda. Ukisimama, nami nasimama, na donge hili likiharibika utalila peke yako mpaka liishe."

"Na nikikosea?"

"Kosea huku unakwenda."

Alipiga. Kidole kiliteleza mahali pale pale, na mwili mzima ukamvuta kurudi. Nyuma yake alisikia unga ukipigwa mezani, pu, pu, ukimngoja yeye, naye akaona aibu kuusimamisha. Akaendelea, mkono wa kushoto ukiwa umechelewa, wa kulia ukiwa umepotea, meno ameyauma. Aliupita mstari wa tatu, akaingia sehemu ambayo vidole havikuijua vizuri, akaupapasa wimbo kama mtu anayetafuta swichi gizani, hadi nota ya mwisho.

"Umetoka vibaya," alisema, akipangusa jasho.

"Vibaya mno," shemeji akakubali. "Lakini umefika. Tena!"

Haikuwa rahisi, na asikudanganye mtu kwamba alizoea upesi. Kuacha kosa nyuma bila kulirudia kulimuuma kuliko magoti. Usiku kitandani lilimwasha. Lakini aliamua, na Kona akiamua jambo ni bora umpishe njia. Jumamosi baada ya Jumamosi alipiga hadi mwisho, akakosea hadi mwisho, na mikate ya shemeji ikaanza kuwa laini.

Siku ya wazazi ilifika. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki, na wanafunzi wengine wote walikuwa watoto waliochanwa nywele kwa nguvu. Kona alikaa kati yao na koti lake la pekee, dole gumba likiwa na alama ya rangi nyeupe iliyokataa kutoka. Kabla yake alipiga msichana ambaye miguu yake haikufika chini. Alipiga vizuri sana. Kisha likaitwa jina la Kona.

Alianza vizuri, kama kawaida. Katikati mkono wa kushoto ukaangukia pasipo pake, ukatoa sauti mbaya ambayo hata watoto waliisikia. Mwalimu akainamisha macho. Mikono ya Kona ilishaanza kuinuka. Aliogopa, aliogopa kweli, na aliona nafasi yake ikienda kwa mtoto wa mtu. Akapiga moyo konde. Liwalo na liwe. Mikono ikashuka, ikaenda mbele.

Ilikosea tena, ikaenda mbele. Ikafika.

Lakini alipofika, hakujua la kufanya. Alibaki na vidole juu ya piano, akitazama mbele, na ukumbi mzima ukabaki unamngoja. Ndipo kutoka viti vya nyuma ikasikika sauti iliyozoea kuita watu dirishani posta:

"Imeisha, shemeji. Inuka!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi kwa pamoja, na Kona akainuka.

Mwalimu alimfuata pembeni. Hakumsifu. "Umekosea mara mbili," alisema.

"Mara tatu," Kona akamsahihisha.

"Ya tatu sikuisikia."

"Mimi niliisikia. Nikaipita."

Mwalimu akamtazama, kisha akacheka, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane. "Basi Jumanne usichelewe," alisema. "Nafasi ni yako."